Alama za Maji: Ziwa Tanganyika na Kumbukumbu ya Ufuo wa Bujumbura

Mtu wa Mombasa au Unguja akisikia neno pwani, hufikiria bahari. Sisi wa Bujumbura bahari hatuna, lakini pwani tunayo, na pwani yetu ina tabia moja ambayo ya bahari haina. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa hiyo kila anayejenga karibu nayo anaijua tabia yake kabla ya kuchimba msingi. Ziwa Tanganyika huchukua miaka kupanda na miaka mingine mingi kushuka. Mtu anaweza kuzaliwa, kuoa, kununua kiwanja na kujenga bila kuona ufuo ukisogea hatua yoyote ya maana. Ndipo siku moja maji yanaingia sebuleni.

Mimi ninakaa Carama, kaskazini ya jiji, katika zoni ya Kinama. Carama si mtaa wa ufuo. Lakini mvua inayonyesha kwetu hushuka kwa makorongo kuelekea ziwani, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 makorongo ya upande huu wa jiji yaligeuka mito. Kamenge, Kinama na Buterere ziliumia sana. Zaidi ya watu 60 walikufa kwa usiku mmoja. Nilikuwa mdogo, ila tangu hapo kwetu hakuna anayelala fofofo mvua ikipiga bati. Ndiyo sababu nilipotakiwa kuandika insha ya historia nilichagua maji. Nilitaka kujua jambo moja: kwa nini mji huu hushangazwa na maji ambayo yalishawahi kufika?

Historia iliyoandikwa ya ufuo wetu inaanzia Ujiji, mji wa Waswahili na Waarabu upande wa Tanzania ya leo. Mwezi Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone pale, na muda mfupi baadaye wawili hao walipanda mtumbwi kuja kaskazini, kutafuta kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliona kwamba unaingia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechongwa tarehe 25 Novemba 1871, na wanafunzi wengi wa shule zetu wamewahi kupelekwa kupiga picha pale. Kwangu mimi safari ya pili ya Stanley ina faida kubwa zaidi. Aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona kwamba miti mitatu aliyoiacha sokoni, kwenye nchi kavu, sasa imesimama ndani ya maji, kiasi cha futi mia kutoka ufukweni. Mchanga aliotembea asubuhi pamoja na Livingstone ulikuwa umezama. Katika miaka mitano ziwa lilikuwa limekula soko.

Sababu ilikuwa mbali, upande wa magharibi. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, pale ilipo Kalemie leo nchini Kongo. Verney Lovett Cameron alipofika pale mwaka 1874 alikuta mlango umezibwa na majani na matope, maji yakipita kwa unyonge. Stanley naye mwaka 1876 hakuona mto wa maana ukitoka. Mvua ziliendelea kujaza na mlango ulikuwa umefungwa. Kufikia mwaka 1878 ziwa lilipanda hadi karibu mita 783 au 784 juu ya usawa wa bahari, kisha kizuizi kikavunjika. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka huo na ambaye hapo awali alikuwa baharia, alifika Lukuga mwaka uliofuata akakuta maji yakikimbia kwa nguvu. Kuanzia hapo ziwa lilishuka kiasi cha mita 10, na kufikia katikati ya miaka ya 1890 lilikuwa chini kabisa, kwenye mita 773 hivi.

Sasa tutazame tarehe. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897. Maana yake mji wetu ulizaliwa wakati ziwa limelala. Walioweka mawe ya kwanza waliona ufuo mpana, mkavu, tambarare, wakadhani ndio ufuo. Miaka 19 tu kabla yao maji yalikuwa mita 10 juu zaidi. Ili msomaji apate picha: uwanja wetu wa ndege uko mita 787 juu ya usawa wa bahari. Kama ungekuwepo mwaka 1878, maji yangekuwa mita tatu au nne tu chini ya njia ya ndege, na sehemu kubwa ya bonde la Rusizi kuelekea Gatumba ingekuwa ziwa. Wavuvi na wakulima wa Imbo waliokuwa wazima mwaka 1878 bila shaka bado walikuwepo mwaka 1897. Lakini aliyepanga mji hakuwa na desturi ya kuwauliza wavuvi.

Funzo la pili lilikuja mwaka 1961, mvua zilipozidi katika Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Tanganyika nalo lilipanda, na Mei 1964 lilifika karibu mita 777. Burundi ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na mambo mengine makubwa yalikuwa yakiendelea, kwa hiyo sishangai kwamba maji hayakuandikwa sana. Baadaye yalishuka polepole. Miaka ya 1980, ya 1990 na kuendelea, mji ulisogea kuelekea ziwani na kuelekea Rusizi. Kajaga, Kibenga, Gatumba: watu walijenga, wengine nyumba za udongo, wengine maghorofa yenye madirisha ya kutazamia machweo. Wengi wao walinunua viwanja kwa nia njema, kwa pesa halali. Aliyewauzia hakuwaambia mwaka 1964, na pengine naye hakuujua.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 maji yakaanza tena kupanda. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake na kuizamisha Gatumba. Makumi ya maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2021 yakarudi. Msimu wa mvua wa 2023 na 2024 ulikuwa mbaya zaidi: katika nchi nzima zaidi ya watu 200,000 waliathirika tangu Septemba hadi Aprili, na Mei 2024 ziwa lilikaribia tena ile alama ya 1964. Barabara ya kwenda Uvira ikawa bandari. Rumonge maji yaliingia bandarini na kwenye nyumba za wavuvi. Viboko, ambao hawajali mipaka ya viwanja, walionekana wakitembea kati ya nyumba.

Kwa nini Gatumba huumia kuliko wengine? Kuna sababu mbili zinazosaidiana. Kwanza, ardhi ile ni tambarare mno. Tuseme inainuka sentimita 20 tu kwa kila mita 100: ziwa likipanda mita moja, maji yatasogea nusu kilomita nchi kavu. Pili, ziwa likiwa juu, Rusizi unakosa pa kumwaga haraka. Maji yake yanarudi nyuma na kutafuta pembeni. Na usitegemee kwamba yatatoka upesi. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi. Mita moja ya kimo ni kilomita za ujazo zipatazo 33, na Lukuga ni mlango mwembamba kwa nyumba kubwa kama hiyo. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa jua, kwa mvuke.

Hapa ndipo vyombo vya kidijiti vinapoingia, na ninataka kuvisema kwa haki, bila kuvitukuza. Tangu mwaka 1992, setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa na wenzake kuifuata, kimo cha maziwa makubwa hupimwa kutoka angani kwa mawimbi ya rada, na namba hizo zinapatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti. Kwa hiyo mwanafunzi wa Carama mwenye simu anaweza leo kuona ziwa lilivyopanda na kushuka mwezi kwa mwezi kwa zaidi ya miaka 30. Hore angetoa kitu gani kupata hiyo! Tena, tangu 2014 setilaiti za Sentinel za Ulaya hupiga picha za rada zinazopenya mawingu, jambo la lazima kwa sababu mafuriko huja wakati wa mawingu.

Lakini picha hizo zina upofu wao. Kwenye shamba la mpunga maji yanaonekana wazi. Kati ya nyumba zilizobanana, mawimbi ya rada hugonga kuta na kurudi yamechanganyikana, kiasi kwamba mtaa uliojaa maji hadi magotini unaweza kuonekana mkavu. Kwa maneno mengine, chombo cha angani kinaona vizuri pasipo na watu, na kinaona vibaya pale watu walipo. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na setilaiti nyingine. Linazibwa na mtu aliyesimama pale.

Wenzetu wa Dar es Salaam walilielewa hilo mapema. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambao uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Ardhi, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika kama Tandale, wakatembea mtaa kwa mtaa na simu na jipiesi. Walichora nyumba, vichochoro, mifereji na madaraja kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia na kuitumia bure. Msalaba Mwekundu wa Tanzania na Benki ya Dunia walishiriki, na droni zikarushwa kupiga picha za juu. Zanzibar nayo, kuanzia 2016, ilipiga picha visiwa vyake kwa droni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakiwemo kazini. Kilichonivutia Dar es Salaam ni swali walilouliza milangoni: maji yalifika wapi? Mama anaonyesha goti, baba anaonyesha kiuno, na ishara hiyo ya mwili inageuzwa namba. Kutokana na majibu ya namna hiyo unaweza kuchora ramani ya hatari ambayo ofisi yoyote haina.

Kwetu Burundi kazi hiyo imeanza kwa njia nyingine. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, limekuwa likihesabu waliohama makazi tangu 2015, na wanaopita kukusanya habari ni watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi, wanaoongea na watu wanaoyajua maeneo yao. IGEBU, taasisi yetu ya jiografia, hupima mvua na maji na kutoa maonyo. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba wa nchi nne uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, ina makao yake hapa hapa Bujumbura. Vyombo si kwamba havipo. Ila vingi huhesabu watu baada ya kuhama, na ni nadra kuandika mstari wa maji wenyewe, ukutani, kabla haujafutwa.

Nililiona hili kwa shangazi yangu. Alikuwa na nyumba Gatumba. Kwenye ukuta wa jikoni kulikuwa na mistari miwili ya mkaa aliyoichora mwenyewe, mmoja chini ya kiuno, mwingine juu yake kidogo. Nilimwuliza kwa nini alichora.

"Ili nisidanganywe," akasema. "Watu wa miradi walikuja mara nyingi, mwanangu. Waliniuliza nimepoteza nini, nina watoto wangapi, ninahitaji nini. Hakuna aliyeniuliza maji yalifika wapi."

Mwezi uliofuata tulikwenda wanne, wanafunzi kutoka Carama, na simu mbili zenye chaji na utepe wa fundi seremala. Hatukuwa mradi na hatukuwa na fulana. Tulitumia programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, tukaweka nukta kwa kila nyumba iliyokubali. Tulijifunza haraka kwamba simu inajua mahali kwa kukosea mita chache tu, lakini kimo haikijui hata kidogo. Nyumba moja ilituonyesha mita 761, yaani chini ya ziwa! Kwa hiyo kimo tulikipima kwa utepe kutoka kitu kisichohama: kizingiti cha mlango, mguu wa nguzo ya umeme, ngazi ya kanisa au ya msikiti. Picha moja ya mstari, picha moja ya nyumba nzima, na tarehe.

Tarehe ndiyo iliyotusumbua, na hapo ndipo somo la historia lilipotufaa kuliko simu. Wazee hawasemi "19 Aprili". Wanasema mwaka wa korona, au kabla ya uchaguzi, au mwaka mtoto fulani alipoanza shule. Korona iliingia Burundi mwisho wa Machi 2020 na uchaguzi ulikuwa Mei, kwa hiyo mtu akisema "korona imeshafika, uchaguzi bado", tunajua ni mafuriko gani. Mzee mmoja alitueleza maji makubwa, akaonyesha mti wa mwembe mbali sana na mto. Tulidhani amechanganya. Tulipomwuliza alikuwa na umri gani, akasema alikuwa hajatahiriwa. Tukapiga hesabu: ni mwaka 1963 au 1964. Mwembe ule sasa una nukta yake kwenye ramani yetu, na ndiyo nukta ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna setilaiti iliyokuwepo kuiona.

Lakini nyumba nyingine zilikataa, na sitaki kulificha hilo. Baba mmoja alitufungia mlango kwa upole. Alisema: nukta hii mnayoiweka itasomwa na nani? Hofu yake ina msingi. Sheria ya maji ya mwaka 2012 imeweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani kuwa mali ya umma. Ni sheria nzuri, kwa maoni yangu. Mafunjo na matete ya ukanda ule ndiyo mazalio ya samaki na ndiyo kinga ya mji. Ila mwenye ghorofa ana wakili, na mwenye nyumba ya udongo ana nukta kwenye ramani inayosema kwamba kwake hufurika. Ramani ile ile inayoweza kumwokoa usiku wa mvua inaweza kuwa karatasi ya kumwondoa mchana bila fidia. Kwa hiyo tulikubaliana mambo mawili. Jina la mtu halitaandikwa kamwe. Na kabla ya nukta kuwekwa hadharani, wakazi wa mtaa wataiona kwenye karatasi iliyochapwa, kwa Kirundi na Kiswahili, na anayetaka yake ifutwe itafutwa. Saba walifutisha. Tuliumia, lakini tulifuta.

Wapo wanaosema kazi hii ni ya mainjinia, na kwamba wakazi wanapaswa kungoja onyo. Sikubaliani nao, ingawa mainjinia tunawahitaji sana. Onyo linalosema "ziwa limefika mita 776 na nusu" halimwambii shangazi chochote. Onyo linalosema "maji yatafika mstari wako wa chini kesho kutwa" linamwambia ainue magunia ya mchele juu ya kabati, apeleke watoto kwa ndugu Kinama. Ili onyo la pili liwezekane, lazima mstari wake wa mkaa na namba ya setilaiti vikutane mahali pamoja. Kuvikutanisha ni hesabu ya kutoa na kujumlisha. Ugumu wake wote uko katika kupata mstari.

Tatizo letu kubwa sasa ni la kawaida: chaji, mafuta ya kusafiria, na mitihani. Tumepita sehemu ndogo tu ya Gatumba. Buterere hatujaenda, na Carama yenyewe, kwenye makorongo yetu ya 2014, bado haina nukta hata moja. Watu huchoka kukumbuka. Kuta hupakwa chokaa upya nyumba inapouzwa, na mnunuzi hupenda ukuta mweupe.

Shangazi alihama Gatumba mwaka 2024. Mara ya mwisho nilipopita pale na mtumbwi wa kukodi, maji yalikuwa yamefika dirishani, juu ya mistari yote miwili. Nilipiga picha, nikaandika tarehe, nikapima kwa utepe kutoka kwenye boriti ya paa kushuka chini, kwa kuwa kizingiti hakikuonekana tena. Ilikuwa mita moja na sentimita 12. Alipoiona picha ile kwenye simu aliikuza kwa vidole, akaitazama kimya, halafu akauliza kama nimeandika kwamba ni upande wa jikoni.

Nikamwambia ndiyo, shangazi, nimeandika.